Dawa Ndani ya Mtungi

Limi alijua kuhesabu mpaka kumi kabla hajajua kujifunga kanga, maana dawa yake ya asubuhi ilikuwa mistari kumi. Mimi navuta dawa kwenye bomba la sindano, yeye anahesabu mistari kwa sauti, na ikifika kumi ananigeuzia paja. Jioni mistari sita. Mapaja yake yalikuwa yamefanya vinundu vigumu, nikawa natafuta pa kuchoma kama mtu anavyotafuta pa kukanyaga kwenye miiba. Alikuwa na miaka sita.

Tulikaa Geita, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi wa dhahabu. Mume wangu, Bujiku, alikuwa anashuka shimoni. Ugonjwa ulimwanza mtoto mwaka hamsini na tatu. Alikunywa maji kama ndama, akakojoa kutwa nzima, na nyama zikamwisha mwilini huku anakula kuliko baba yake. Pale alipokojoa sisimizi walijaa. Jirani akaniambia ni minyoo. Nikampa dawa ya minyoo, nikapoteza mwezi mzima.

Aliyenifundisha kuchoma sindano ni Bwana Cornel, dresa wa hospitali ya mgodi, Mhaya mmoja mrefu asiyekaa kimya.

"Umesoma mpaka wapi, Mama Limi?"

"Darasa la nne, kwa masista."

"Inatosha. Wapo wa darasa la nane hapa, ukiwapa sindano wanatetemeka kama wamepewa nyoka." Kisha akaacha mzaha. "Sikiliza. Dawa hii haiponyi kisukari. Inamvusha mtoto mpaka kesho tu. Kesho inamvusha mpaka keshokutwa. Akikosa siku mbili, siku tatu, anaondoka. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Basi sema mwenyewe nisikie."

Nikasema. Ilikuwa vigumu kuyatoa maneno yale mbele ya mtoto, lakini niliyasema.

Alinionya pia kwamba dawa ikae mahali pa baridi, joto likiipata inaharibika. Nyumbani hatuna mahali pa baridi ila mtungi wa maji. Kwa hiyo niliifunga ile chupa kwenye kitambaa, nikaitundika kwa uzi ndani ya mtungi, juu kidogo ya maji, nikafunika na kawa. Cornel alipoona alisema, "Wewe mwanamke unaweza kufundisha madaktari." Nilifurahi siku ile.

Bujiku hakuweza kuangalia. Kila asubuhi nikiwasha moto wa kuchemshia sindano, yeye alitoka nje kupasua kuni. Tulikuwa na kuni za kutosha mpaka za kuwagawia majirani. Lakini nisimsingizie. Alikuwa ananunua nyama kabla ya kununua kitu chake mwenyewe, na watoto wa jirani wakija na miwa mbele ya Limi, aliwafukuza kwa mawe, mtu mzima, kisha anaona haya.

Jambo moja tu alinikataza. "Usiwaambie kwetu," alisema. "Kwetu mtoto wa kutobolewa kila siku kwa chuma hawatamwelewa. Watauliza tunatoa nini kwenye damu yake." Mimi ni Msumbwa wa Runzewe, wao ni Wasukuma wa Mhunze. Mambo ya ukoo wao sikuyajua, nikanyamaza.

Mwaka uliofuata ikaja telegramu kwamba baba yake Bujiku amefariki. Cornel alitupa chupa moja mpya, ya kutosha siku ishirini na tano. "Mnakwenda siku kumi, mna akiba," alisema. Tukapanda lori, tukavuka kwa kivuko, tukachukua treni Mwanza mpaka Shinyanga, tukadandia lori la pamba mpaka Mhunze. Tulifika mzee ameshazikwa. Limi safari yote alikuwa na furaha, maana hakuwahi kuona treni.

Mama mkwe wangu, tuliyemwita Mayu Mageni, alikuwa amekaa chini nyumbani mwake, kitambaa cheusi kichwani. Nilipiga magoti.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ndiye Limi? Mbona hamkuniletea mapema nimwone? Mwepesi kama kifaranga." Akamweka mapajani, na hakumwachia mpaka jioni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa samadi wa miaka yote ile ya kupika. Naliandika hili kwa sababu watu wa kwetu huko humsema mwanamke mzee mwenye macho mekundu kuwa ni mchawi.

Wifi yangu Minza ndiye aliyeendesha jiko la msiba. Mtu wa utani, mdomo haupumziki. Alituona tunamchukua Limi asubuhi na jioni kumpeleka nyuma ya zizi la mbuzi, tukisema tunakwenda kumwosha.

"Wasumbwa!" akasema mbele ya wanawake. "Mnaogesha mtoto mara mbili kwa siku, atakuwa kambale?"

Wanawake wakacheka. Nami nikacheka. "Anatoka jasho, wifi."

"Na kula hali. Nimempa viazi, umemnyang'anya. Kwani hapa tunapika sumu?"

"Tumbo lake dogo."

"Basi lete nimkuze mimi. Miezi miwili nakurudishia nguruwe."

Nilicheka tena. Lakini niliona Baba mkubwa Masele, kaka wa marehemu aliyesimamia msiba, ameacha kutafuna tumbaku yake na ananiangalia.

Chupa nilikuwa nimeitundika kwenye mtungi wa Mayu, humo nyumbani mwake tulimolala, kama nilivyozoea. Nilifikiri hakuna mahali salama kuliko pale. Sikujua kwamba katika ukoo ule mzee mwenye kaya akifa, siku ya tatu toka mwanawe mkubwa afike majivu yote hutolewa na maji yote yaliyolala ndani humwagwa nje ya lango, mitungi inaoshwa, ndipo moto mpya unawashwa. Bujiku alilijua. Nilipomuuliza baadaye alisema, "Nilijua, lakini sikufikiri." Alikuwa anamlilia baba yake. Simlaumu sana.

Siku yetu ya tatu asubuhi nilimchoma Limi mistari yake kumi, nikarudisha chupa mtungini, nikaenda kisimani na wanawake wengine. Tunarudi, tukasikia kelele za kaya nzima. Sauti ya Minza ilikuwa juu ya zote, na haikuwa ya utani.

"Kitu! Kitu kwenye mtungi wa mama! Kimefungwa uzi! Njooni muone kilichomla baba!"

Nikatupa ndoo. Nilikimbia nikijua, na miguu haikuenda haraka kama nilivyotaka. Nilipopita langoni niliona Baba mkubwa Masele amekishika kitambaa changu kwa ncha ya kijiti, mbali na mwili wake, na watu wamerudi nyuma. Akakitupa kwenye moto.

Nilisikia chupa inapasuka. Nilitia mkono, nikatoa kitambaa kinachoungua na vipande vya kioo. Dawa ilikuwa imechemka na kwisha, hata unyevu haukubaki. Kiganja changu kiliungua, kovu ninalo.

Watu hawakuniangalia mimi. Walikuwa wanamwangalia Mayu Mageni, maana mtungi ni wa kwake na nyumba ni ya kwake. Alikuwa amesimama mlangoni na Limi ameshika kanga yake. Mtu mmoja nyuma akasema polepole, "Macho yale." Hakuna aliyemnyamazisha.

"Ni cha kwangu!" nikasema. "Ni dawa ya mtoto. Dawa ya hospitali. Mayu hakijui."

"Dawa ya hospitali inatundikwa kwa uzi?" Baba mkubwa Masele aliuliza. "Gizani? Kwenye maji aliyokunywa ndugu yangu?"

"Baba, sisi tumekuja ameshazikwa."

"Ndiyo. Lakini mtungi ulikuwepo."

Bujiku akaja, akaeleza yote: ugonjwa, sindano, Geita. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kukunja uso, maana sasa ilikuwa wazi kwamba siku zote tulikuwa tunadanganya habari ya kuosha mtoto. Mwishowe Baba mkubwa akasema, "Tutanyoa keshokutwa. Wote tutakaa hapa mpaka tunyoe, halafu tutakwenda kwa mfumu mpiga ramli atuchinjie kuku, aone ukweli. Atakayetoka kabla ya kunyolewa, tumemjua."

Maana ya hilo nilielezwa na Mayu mwenyewe jioni ile. Anayetoka msibani hajanyolewa anaondoka na kifo kichwani. Na zaidi ya hapo, sisi tukikimbia, maneno yetu yatakuwa uongo, na kitu kitabaki cha mwenye mtungi. Hakusema watamfanya nini. Hakuna mtu Mhunze aliyehitaji kuambiwa.

Nilitoka nje na mume wangu.

"Baba Limi, jioni hii amekosa sita zake."

"Najua."

"Cornel alisema siku mbili, siku tatu."

"Keshokutwa asubuhi tunanyolewa, mchana tuko njiani. Ni siku mbili tu." Alikuwa anaongea kama mtu anayebeba jiwe. "Nikiondoka sasa, wanamuua mama yangu. Unataka nichague nini? Niambie wewe, nifanye."

Sikumwambia. Toka utoto watu wananisifu kwa uvumilivu. Masista walinipa zawadi ya kitabu kwa ajili hiyo. Nikasema, "Tuvumilie basi." Maneno hayo ni yangu, hakuna aliyenilazimisha.

Nilimnyima chakula chote isipokuwa maziwa kidogo, nikifikiri asipokula, sukari haitapanda. Siku ya nne kiu ikarudi. Alikunywa, akakojoa, akanywa. Mchana akaanza kutapika. Wale wanawake waliokuwa wanacheka naye wakawa wanaondoa watoto wao karibu yetu. Minza alisimama kwa mbali, akasema, "Wifi, mpe uji wa mtama." Sauti yake ilikuwa inaomba msamaha. Nikamwambia uji utamuua. Akaondoka akilia, na sidhani alinielewa.

Usiku ule Mayu alimlaza kifuani pake. Asubuhi ya siku ya tano Limi alikuwa anapumua kwa nguvu, kifua kinapanda na kushuka kama mtu aliyekimbia, na yeye amelala tu. Pumzi yake ilinukia ndizi zilizoiva kupita kiasi. Harufu ile naijua. Ndivyo alivyokuwa siku nilipompeleka kwa Cornel mara ya kwanza.

Watu walikuwa wamekaa uani tayari kwa kunyolewa. Wembe uko kwenye bakuli la maji. Tukangoja. Jua likapanda. Bujiku akaenda kuuliza, akajibiwa na Baba mkubwa Masele kwamba ndugu yao wa Kagongwa hajafika.

"Hatunyoi pungufu. Atafika kesho."

"Baba mkubwa, mtoto anakufa."

"Ndiyo maana hatunyoi pungufu."

Nasema kweli, yule mzee hakusema kwa ubaya. Aliamini anamwokoa. Alikuwa amemletea Limi dawa ya mizizi asubuhi ile ile, ameichimba mwenyewe.

Bujiku alisimama kidogo. Kisha akaenda kwenye bakuli, akachukua wembe. Akaja pale nilipokaa, akapiga magoti, akamnyoa Limi kichwa chote, kwa haraka, bila sabuni. Akaninyoa mimi. Akajinyoa mwenyewe, damu inamtiririka sikioni. Uani ulisikika wembe tu.

"Umejinyoa kama mtu asiye na ukoo," Baba mkubwa akasema.

"Basi sina."

"Wewe ndiye mkubwa. Ng'ombe, kaya, jina la baba yako, vyote..."

"Nimekwambia sina!"

Alimchukua mtoto begani. Mayu Mageni alikuwa langoni. Nilifikiri atatuzuia. Alimshika Limi mguu, akaubusu wayo wake, akasema, "Nendeni upesi. Mimi nimekula chumvi ya kutosha." Bujiku hakuweza kumwangalia usoni. Akapita.

Tulitembea kwenye jua mpaka miguu ikatoka malengelenge, tukipokezana kumbeba. Saa nane mchana lori la pamba likatuchukua. Tulikaa juu ya magunia, Limi katikati. Njiani pumzi zile za nguvu zikapungua, halafu akanyamaza kabisa, kichwa kimelegea. Niliweka sikio kifuani, moyo ulikuwepo. Nilipoinua uso nilimwona Bujiku anamwangalia mtoto, na uso wake ulikuwa umelegea, kama mtu aliyetua mzigo. Nikageuza macho upande wa pili.

Shinyanga hospitalini daktari alinusa pumzi yake na kujua hapo hapo. Dawa ile hawakuwa nayo siku hiyo. Akatuma mtu kwa baiskeli kwa Mhindi mmoja wa duka la nguo, ambaye mama yake anaugua ugonjwa huo huo, naye akaleta chupa. Mimi nilikuwa sijui kama mjini pale kuna mtu mwenye dawa hiyo. Nilidhani iko Geita peke yake. Toka Mhunze ni safari ya siku moja, na mimi nilikaa siku mbili nikimnyima mtoto uji.

Walimtundikia maji, wakamchoma kila baada ya saa chache. Siku ya pili jioni alifungua macho, akauliza tuko wapi, na kwa nini hana nywele.

Yule bibi wa Kihindi alikuja kumwona. Mwanamke mzee, mnene, amevaa nguo nyeupe. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Alipandisha mkono wa blauzi yake akanionyesha vinundu vya sindano, vingi, akasema, "Miaka kumi na moja." Nadhani alitaka kunipa moyo. Mimi nilipiga hesabu ya Limi kwa miaka kumi na moja, asubuhi na jioni.

Bujiku aliondoka alfajiri ya siku ya tatu kurudi Mhunze kumchukua mama yake. "Nitamleta hapa, halafu wote Geita," alisema. "Kule mgodini hakuna anayemjua." Alikwenda mbio, bila hata kofia ya kuficha kile kichwa chake chenye makovu ya wembe.

Alirudi baada ya siku nne, peke yake. Nilikuwa nje kwenye kivuli cha jengo nafua. Alikaa chini, akaegemea ukuta.

"Mayu?"

"Nimekuta kaburi."

"Nani amefanya?"

"Hakuna aliyeona. Alikwenda kuchanja kuni, wanasema. Kila mtu hakuona." Akakung'uta vumbi miguuni. "Minza ndiye aliyemkuta. Haongei. Anakaa tu jikoni, watu wanapita."

Nililia. Yeye hakulia. Nikaona ana jambo jingine, anaangalia mikono yake, anaigeuzageuza.

"Mama Limi, nikwambie kitu. Usinijibu."

"Sema."

"Siku ile kwenye lori, Limi aliponyamaza. Nilidhani amekwisha." Aliacha kuigeuza mikono. "Nilishukuru. Nilisema, sasa nitateremka, nitarudi, nitafika kabla ya giza, nitasimama mbele ya mama. Nilikuwa nahesabu maili. Mtoto wangu amelala pale, mimi nahesabu maili za kurudi."

"Nilikuona," nikamwambia.

Aliinamisha kichwa. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, fupi, na katikati mahali alipojikata palikuwa na mstari mweupe. Nilitaka kumshika, nikajiona nina mikono ya sabuni, nikaifuta kwenye kanga muda mrefu mpaka ikakauka kabisa, na bado sikumshika.

Ndani Limi alikuwa anaongea na muuguzi. Tukasikia kijiko kinagonga bakuli.

"Baba!" akaita. "Baba amekuja? Njoo unione, nimemaliza uji!"

Bujiku alikaa pale pale.

"Baba!"

Nikamsubiri ainuke. Hakuinuka. Nikaenda mimi.